Meseji yako inabaki wapi? Mwongozo wa kuchagua kati ya SMS, WhatsApp, Signal, Telegram na nyinginezo

Nina steshenari ndogo Morogoro: mashine mbili za fotokopi, printa, na kompyuta moja ya wateja. Siku hizi mtu anayekuja kuprinti haji na flashi. Faili lake liko WhatsApp. Anakaa kwenye kompyuta, anaskani ule mraba wa msimbo, WhatsApp yake yote inafunguka kwenye skrini, anaprinti barua yake ya kurasa mbili, analipa, anaondoka. WhatsApp anaiacha palepale.

Asubuhi moja niliwasha kompyuta nikaendelea kufagia, mara meseji zikaanza kuingia mfululizo. Nikasogea. Ilikuwa akaunti ya dada mmoja muuguzi aliyeprinti jana yake jioni. Nikaona jina la mgonjwa, picha ya karatasi ya majibu ya maabara, na chini yake sauti iliyorekodiwa. Nilitoka kwenye akaunti ile haraka, kisha nikakaa kitini moyo ukinidunda. Yule mgonjwa hanijui, simjui, na majibu yake yalikuwa wazi juu ya meza yangu, mahali ambapo kijana yeyote wa kuja kufanya maombi ya mkopo wa chuo angeyasoma. Na programu aliyoitumia dada yule ina kufuli zuri tu. Kasoro ilikuwa mahali meseji ilipobaki baada ya kufika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "programu ipi ni salama?", na wananiuliza kila wiki, namrudishia swali: meseji yako ikishafika, inabaki wapi? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Ufuate kwa mpangilio, simu ikiwa mkononi. Jioni moja inatosha.

Hatua ya kwanza: andika watu, programu baadaye

Chukua karatasi. Andika watu kumi unaowasiliana nao zaidi, na mbele ya kila jina weka mambo matatu: ana simu gani, yuko wapi, na mnaongea mambo gani.

Karatasi yangu ilikuwa hivi. Mama yuko Matombo, ana kitochi, na mtandao kule milimani unakuja na kupotea. Mdogo wangu wa kike yuko Muscat. Wanakikoba wenzangu 28 wako kwenye grupu la WhatsApp, wengine na simu janja za bei ndogo zilizojaa hadi hazipokei picha. Mteja wangu mmoja ni wakili, ananiletea nyaraka za kesi nizichape. Mwanangu yuko chuo, na notsi zao zote ziko Telegram.

Ukishaandika utaona mara moja kwamba hakuna programu moja itakayowabeba wote. Faragha ni ya watu wawili: ukiweka programu bora kuliko zote na mwenzako hana, mtarudi kwenye SMS. Angalia na bando pia. Wengi hununua vifurushi vya mitandao ya kijamii ambavyo WhatsApp inafunguka ila Signal inabaki inazunguka tu. Wewe utadhani mwenzako amekupuuza, kumbe meseji haijamfikia.

Mahali nako kuna mambo yake. Oman na Falme za Kiarabu zimezuia kwa miaka mingi kupiga simu kwa WhatsApp, ya sauti na ya video, ila maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita. Mimi na mdogo wangu tumezoea kurekodiana. Na mtandao unaweza kubanwa hapa kwetu pia: wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 Tanzania, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa, Uganda ilizima intaneti nchi nzima Januari 2021, na Kenya Telegram ilisumbua Novemba 2023 wakati wa mitihani ya KCSE. Kwa hiyo kila mtu muhimu kwenye karatasi yako awe na njia mbili za kumpata, na moja iwe simu ya kawaida.

Hatua ya pili: hesabu nakala

Ukisoma kwamba meseji "zimesimbwa mwisho hadi mwisho", maana yake ni hii: meseji inafungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mwenzako tu. Huko katikati, kuanzia mnara wa mtandao wako hadi seva (kompyuta kubwa) za kampuni yenye programu, inapita ikiwa mchanganyiko wa herufi usiosomeka. Ni jambo kubwa, na usikubali chini ya hapo kwa mazungumzo ya siri.

Lakini kufuli hilo ni la njiani. Meseji moja ikishafika ina nakala kwenye simu yako, kwenye simu ya mwenzako, kwenye hifadhi ya akiba ya kila mmoja wenu (ile tunayoiita bakapu), kwenye kila kompyuta mliyounganisha, na kwa baadhi ya mifumo, kwenye seva za kampuni. Grupu la watu 28 ni simu 28, na huenda ni bakapu 28.

Kisha kuna bahasha. Barua hata ikifungwa kwa gundi, posta wanaona inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na siku gani. Meseji ni hivyohivyo. Mtu akiona kwamba umeiandikia kliniki fulani mara tatu wiki hii, usiku, hahitaji kusoma ndani.

Kwa hiyo kila mfumo uulize: nani anaweza kusoma barua, nani anaona bahasha, nakala zinakaa wapi, na mwenzangu ataipata kwa simu na bando alilonalo?

Hatua ya tatu: pitisha kila mfumo kwenye maswali hayo

*SMS.* Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na hadi leo ina ukomo uleule wa herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha kucheka ukomo unashuka hadi 70, ndiyo maana meseji uliyoiona fupi inakatwa kama tatu.

SMS haina kufuli la mwisho hadi mwisho. Mtandao wako wa simu una uwezo wa kuiona, na kwa kuwa laini zetu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, bahasha yake ina jina lako kamili. Desemba 2024, baada ya wadukuzi kuingia kwenye mitandao ya kampuni za simu za Marekani, wakala wa usalama wa mtandao wa serikali ya nchi hiyo uliwashauri viongozi wahamie kwenye programu zenye kufuli la mwisho hadi mwisho. Kama wenye minara mikubwa kiasi kile waliingiliwa, wewe usiweke siri kwenye SMS.

Hata hivyo siwezi kuiacha, na wewe huwezi. Inaingia kwenye kitochi cha mama bila bando. Inabeba taarifa za M-Pesa na namba za uthibitisho. Itumie kwa "nimefika", "nimetuma, angalia", "kesho saa nne". Usiandike humo PIN, ugonjwa wa mtu, wala ugomvi wa mirathi. Na zile za "ile hela itume kwenye namba hii" zinaingia kwa SMS kwa sababu yeyote mwenye namba yako anaweza kukuandikia. Usimjibu. Tanzania zipeleke 15040. Kwa mtu wa Safaricom Kenya ni 333.

*WhatsApp.* Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tulipo wengi.

Tangu Aprili 2016 mazungumzo yote ya watu binafsi, makundi na simu za WhatsApp yamesimbwa mwisho hadi mwisho, kwa mfumo uliotengenezwa na watu wa Signal. Kwa barua yenyewe, kufuli la WhatsApp ni imara. Wanaosema "WhatsApp wanasoma kila kitu" wanakosea, na kosa hilo linawapeleka watu kwenye programu dhaifu zaidi.

Penye shaka ni bahasha na nakala. Kampuni ni ya Meta, walioinunua 2014, na wanaona unawasiliana na nani, lini, kwa namba gani, umo kwenye makundi gani. Ukiandikia akaunti ya biashara, kama benki au duka kubwa, huku kwako inaonekana ni gumzo kama mengine, lakini kule inasomwa na ofisi, na huenda inahifadhiwa na kampuni nyingine waliyoikodi.

Bakapu ndiyo inayonikera zaidi. Kila usiku simu nyingi hupeleka nakala ya meseji zote kwenye akaunti ya Google, au iCloud kwa wenye iPhone. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuifunga nakala hiyo kwa nywila yako, lakini lazima uwashe mwenyewe. Usipowasha, anayeifikia akaunti yako ya Google au iCloud yuko hatua moja karibu na mazungumzo yako. Na wangapi waliofunguliwa akaunti ya Google na fundi wa simu siku waliponunua, nywila ikabaki kwenye daftari la fundi?

Neno moja kuhusu GB WhatsApp na ndugu zake. Najua vijana wanazipenda, zinaonyesha meseji zilizofutwa na kuficha alama za bluu. Zimetengenezwa na watu wasiojulikana na hazipatikani kwenye duka rasmi la programu. Kufuli lote nililolieleza linategemea kwamba programu iliyo mkononi mwako ni ya kweli. Ukiitumia hiyo, umemkabidhi mtu usiyemjua kila kitu, pamoja na meseji za wanaokuamini. WhatsApp wenyewe hufungia akaunti zinazoitumia. Iondoe leo.

*Signal.* Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2018. Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, aliipa dola milioni 50 kuanzia. Kufuli lake la barua ni la ukoo mmoja na la WhatsApp. Tofauti iko kwenye bahasha. Mwaka 2016 mamlaka za Marekani ziliitaka itoe taarifa za watumiaji. Ilichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho kuunganishwa. Majina, makundi, orodha ya marafiki, hawakuwa navyo.

Kujiandikisha bado kunahitaji namba ya simu, ila tangu Februari 2024 unaweza kutengeneza jina la mtumiaji na kuificha namba. Hilo ni zuri hasa kwa wanawake wanaofanya biashara na wasiotaka kila mteja awe na namba yao. Nenda Mipangilio, Faragha, Namba ya simu, uchague asiione yeyote.

Ubaya wake uujue kabla: watu wako wengi hawamo, haitumi tena SMS za kawaida kama zamani kwenye Android, na meseji zake haziendi Google wala iCloud. Nakala usipoiwasha mwenyewe, haipo. Simu ikianguka mtoni, mazungumzo yamekwenda. Kwa wakili wangu hilo ndilo analolitaka. Kwa mtu anayetunza picha za marehemu baba yake kwenye gumzo, ni msiba wa pili.

*Telegram.* Hapa watu wanadanganyika sana. Ilianza 2013 na imejijengea sifa ya usiri, na nimewasikia wenye elimu zao wakisema "hamia Telegram, kule hakuna anayesoma". Si kweli. Gumzo la kawaida la Telegram halijasimbwa mwisho hadi mwisho. Linakaa kwenye seva zao, na funguo wanazo wao. Ndiyo maana ukiingia kwenye simu mpya unakuta meseji zako zote za miaka mitano zimekusubiri. Urahisi huo na usiri havikai pamoja. Makundi yake hayana kufuli hilo kabisa, hata uwe admini. Kilichopo ni "gumzo la siri" la watu wawili, na lazima ulifungue makusudi: gusa jina la mtu, nukta tatu, Anzisha gumzo la siri. Na baada ya mwanzilishi wake, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa Agosti 2024, kampuni ilitangaza kwamba itatoa namba za simu na anwani za mtandao za wavunja sheria kwa mamlaka zinazoomba kisheria.

Itumie kwa inachokiweza. Grupu moja linabeba hadi watu 200,000, faili moja hadi GB 2, na notsi za muhula mzima zinakaa bila kujaza simu. Kwa chuo na matangazo ni nzuri mno. Majibu ya maabara yasiende huko.

*iMessage na RCS.* Kwa wenye iPhone: meseji ya bluu kati ya iPhone na iPhone, ndiyo iMessage, imesimbwa mwisho hadi mwisho; ya kijani ni SMS, au RCS nitakayoieleza hapa chini. Simu ikikosa intaneti inaweza kuigeuza ya bluu kuwa ya kijani, na siri yako inapita wazi. Kama hutaki hivyo, zima kitufe cha kutuma kama ujumbe wa kawaida kwenye mipangilio ya Messages. Na ukiuza iPhone yako ukaenda Android, zima iMessage kwanza kabla ya kutoa laini. Usipofanya hivyo, wenzako wenye iPhone watakutumia meseji zitakazokwenda kwenye iMessage ambayo huna tena, na wewe hutaona kitu.

RCS ndiyo SMS mpya ya Android, iko ndani ya Google Messages, inapita kwenye bando. Kati ya watu wawili wenye Google Messages ina kufuli: tafuta kialama cha kufuli karibu na kitufe cha kutuma. Apple waliiingiza kwenye iPhone Septemba 2024 lakini bila kufuli hilo kati ya iPhone na Android. Kanuni ya kuifunga njia hiyo ilitolewa Machi 2025, na kuifikia inategemea simu na mtandao wa kila mmoja. Hukuona kufuli? Ichukulie kama SMS.

Hatua ya nne: funga milango ya ile unayoitumia tayari

Yule dada muuguzi alirudi siku ya tatu kuprinti fomu nyingine. Nilimwita pembeni nikamweleza nilichokiona. Alishika mdomo. Tukakaa kwenye benchi, akafungua WhatsApp, nukta tatu, Vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa viwili: kimoja kompyuta ya chuo alikosoma, kingine hakukijua kabisa, Google Chrome, Windows, mwisho kutumika leo. Leo! Tukavitoa vyote. Fanya nasi, kwa mpangilio huu:

1. *Vifaa vilivyounganishwa.* Gusa kila kimoja usichokitumia, Ondoka. WhatsApp inaruhusu hadi vinne, na vinaendelea kupokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Telegram: Mipangilio, Vifaa. Signal nayo inayo orodha yake.

2. *PIN ya hatua mbili.* Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita ambazo si mwaka wa kuzaliwa, na uongeze barua pepe yako ya kweli. Signal inaitwa Kufuli la usajili. Hii ndiyo kinga dhidi ya mwizi aliyepata laini yako.

3. *Bakapu.* Mipangilio, Gumzo, Hifadhi rudufu, kisha uwashe usimbaji. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Andika kwenye karatasi, uiweke na vyeti vyako, kwa sababu ukiisahau hakuna wa kukufungulia. Wenye Android mjue pia kwamba tangu 2024 bakapu ya WhatsApp inahesabiwa kwenye GB 15 za bure za Google, basi futa video za mzaha kwanza. Wenye iPhone, iCloud nayo ina kinga ya ziada ya data inayofunga karibu kila kitu; iwashe.

4. *Meseji za kujifuta.* Fungua gumzo, gusa jina, Meseji zinazotoweka: saa 24, siku 7 au siku 90. Dada muuguzi aliweka siku 7 kwa kila gumzo la kazi. Hii haimzuii mtu kupiga picha ya skrini, lakini inapunguza rundo linalobaki kusubiri simu iibiwe.

5. *Skrini iliyofungwa.* Zima maandishi ya meseji yasionekane simu ikiwa imejifunga. Dirishani kwangu naona simu za wateja zikiwaka juu ya kaunta, na meseji zinajisoma zenyewe.

6. *Nani anakuingiza kwenye makundi.* Mipangilio, Faragha, Makundi, chagua watu unaowafahamu tu.

7. *Laini yenyewe.* Piga *106#, Tanzania na Kenya pia, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika. Weka na PIN ya laini, ila kwa uangalifu: ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia laini.

Kwa mazungumzo mazito zaidi kuna jambo la nane ambalo watu hulipita. Gusa jina la mwenzako, Usimbaji fiche, utaona tarakimu 60 na msimbo. Mkikutana ana kwa ana mskaniane. Siku tarakimu zikibadilika, mpigie umuulize kama amebadilisha simu kabla hujamwandikia kitu.

Na kuhusu kuprinti: mimi sasa nimebandika ukutani barua pepe ya duka. Mteja anatuma faili, naprinti, nafuta mbele yake hadi kwenye takataka. Ukilazimika kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya mtu, fungua dirisha la siri la kivinjari, na usinyanyuke kitini kabla hujaondoka kwenye akaunti. Anayebeba taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja akumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Kusahau si utetezi mzuri.

Hatua ya tano: rudi kwenye karatasi, pangia kila mtu njia

Mama: simu ya kawaida na SMS. Mambo ya hospitali nampigia, siandiki, maana SMS yake husomewa na mjukuu yeyote aliye karibu.

Mdogo wangu Muscat: WhatsApp, sauti za kurekodi, meseji za kujifuta baada ya siku 90. Siku ana jambo zito, Signal.

Kikoba: WhatsApp, kwa sababu hata ningehubiri mwaka mzima, wale 28 hawatahama. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba hesabu za mtu mmojammoja, nani anadaiwa kiasi gani, haziandikwi kwenye grupu. Zinakwenda kwa mhusika peke yake.

Wakili: Signal tu. Alipinga mwanzo kwamba wateja wake hawana. Nikamwambia aanze na watatu wa kesi nzito na awawekee yeye mwenyewe ofisini, dakika tano kila mmoja. Watu hawahamii programu kwa kutumiwa kiungo. Wanahama mtu akiwashikia simu, akawaandikia meseji ya kwanza, nao wakajibu palepale. Wachache waliofungwa vizuri wanatosha.

Mwanangu: Telegram kwa notsi. Nimemkataza kutuma humo picha ya kitambulisho chake.

Hatua ya sita: siku akaunti ikiibiwa

Alinijia mama mmoja wa kikoba, kanga imemteleza begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. WhatsApp yangu imekuwa ya mtu mwingine."

Kumbe mwenzake wa grupu alimwandikia: "Nimekutumia namba sita kwa makosa, nirudishie." Mwenzake naye alikuwa ameshaibiwa, aliyeandika ni mwizi. Mama akazituma. Ndani ya nusu saa ndugu zake wote walikuwa wameombwa laki mbili "nina shida, nitarudisha kesho", na wawili walituma.

Zile namba sita ndizo akaunti yenyewe. Haziombwi na rafiki, wala kampuni, wala "huduma kwa wateja". Lakini kama zimeshatoka, fanya hivi bila kupoteza muda. Weka WhatsApp upya kwenye simu yako kwa namba yako, subiri SMS ya namba sita, ziingize. Mwizi anatolewa hapohapo. Akiwa ameshaweka PIN yake, itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN hiyo, ila yeye naye hayumo tena. Ukiingia, kagua vifaa vilivyounganishwa na uweke PIN yako.

Kama simu imeibiwa na laini imo ndani, anza kwa mtandao wa simu: wafunge laini, kwa sababu ya pesa kwanza, kisha meseji. Rudishiwa laini kwa kitambulisho chako, jisajili upya kwenye simu nyingine, halafu badilisha nywila ya Google au iCloud ukitumia kifaa unachokiamini.

Wakati huohuo mwombe mtu apige simu, asitume meseji, kwa watu wa juu kwenye karatasi yako. Awaambie kwamba chochote kilichotoka kwa namba yako tangu saa fulani si chako, na aliyetuma pesa apige huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hiyohiyo kuomba muamala uzuiwe kabla haujatolewa. Kwa yule mama, mmoja wa wale wawili alipiga mapema, na pesa yake ikarudi.